Arosto Ikiisha Kazi Ndiyo Imeanza: Mwongozo kwa Familia Yenye Ndugu Anayetumia Unga

Familia nyingi za Dar es Salaam, Unguja, Tanga na Mombasa hupita njia ileile. Kijana anafungiwa chumbani, anahangaika na arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga (heroini), siku tano, sita, saba, anatoka amekonda lakini macho yamechangamka. Nyumba nzima inashukuru. Mwezi haujaisha, ameonekana tena maskani, na watu wanasema hana nia.

Huyo hakuwahi kutibiwa. Siku saba zile zimetoa heroini mwilini, basi. Uraibu wenyewe umebaki palepale, na mwili wake sasa umesahau kuhimili dozi aliyokuwa akiitumia, kwa hiyo siku atakayoirudia inaweza kumuua. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi, mke, kaka au dada anayetaka kujua cha kufanya kabla ya siku hizo saba, ndani yake, na hasa baada yake.

Unga unafanya nini mwilini

Heroini ikifika kwenye ubongo hugeuka mofini na kushika sehemu zilezile zinazopokea kemikali ambazo mwili hujitengenezea ili kutuliza maumivu. Hapohapo dopamini hupanda, na kazi yake ni kuufundisha ubongo kwamba jambo hili ni la maana, lirudiwe. Mtu akitumia kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huzoea: kete (kipakiti kidogo cha unga) iliyomtosha haimtoshi tena. Kisha hufika mahali ambapo mwili hauendi bila unga. Akiukosa kwa saa chache anaumwa. Kufikia hapo hatafuti stimu tena, anatafuta kuamka na kutembea kama watu wengine.

Utegemezi huo wa mwili hupungua ndani ya siku chache. Kinachodumu ni yale ambayo ubongo umejifunza. Umefundishwa kuweka unga mbele ya chakula, usingizi na hata mtoto, na somo hilo halifutiki kwa wiki. Ndiyo maana mtu aliyekaa gerezani miaka 2 bila kugusa anaweza kutokwa jasho na kusikia tumbo likikoroga siku anaposhuka kwenye daladala karibu na kijiwe chake cha zamani. Kumwambia "jikaze" wakati huo hakumsaidii.

Wapo wanaojitetea kwamba wao wanavuta kokteli tu, yaani unga uliochanganywa na bangi au tumbaku kwenye sigara, hawajidungi. Sindano huongeza hatari ya kufa ghafla, ya VVU na ya homa ya ini B na C, lakini uraibu unaoletwa na moshi ni uleule na arosto yake ni ileile.

Kabla ya kuzungumza naye

Chagua saa. Akiwa amelewa anasinzia na hatakumbuka. Akiwa kwenye arosto atakubali lolote ili apate pesa. Saa nzuri ni ile aliyokwisha kutumia na akili imetulia, mara nyingi saa chache baada ya dozi. Aongee naye mtu mmoja au wawili anaowaheshimu. Kikao cha ukoo mzima humfanya ajitetee au aage na kuondoka.

Usimwombe aape. Omba hatua moja yenye siku na saa: "Jumanne asubuhi twende wote kliniki, nauli ninayo." Na jina "teja" lisitamkwe nyumbani. Mtu anayeitwa hivyo kila siku hana sababu ya kuamini kwamba kuna mlango mwingine uliobaki wazi.

Kama hujui pa kuanzia, Tanzania ipo namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, 119. Kenya ipo ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192.

Arosto: saa kwa saa

Kwa heroini, dalili huanza saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, jasho, vinyweleo kusimama. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele: viungo na mifupa kuuma, misuli kukaza, kutapika, kuharisha, mboni za macho kupanuka, kutolala kabisa. Kuanzia siku ya tano mambo hulegea, na kufikia siku ya kumi mwili umetulia kwa kiasi kikubwa. Usingizi mbovu, uchovu na uchu hubaki wiki nyingi, wakati mwingine miezi.

Arosto ya unga peke yake mara chache huua mtu mwenye afya. Anayekufa mara nyingi huwa amekauka maji. Kwa hiyo maji ndiyo dawa ya kwanza nyumbani. Tumia pakiti ya chumvichumvi za kuharisha (ORS) kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, au lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwe vya kusawazishwa. Mpe kidogokidogo, mafunda machache kila dakika chache; akinywa glasi nzima atairudisha. Uji mwepesi, ndizi na supu vinafuata tumbo likikubali. Kwa maumivu, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe sana aulize daktari kwanza kwa sababu kipimo chake ni kidogo zaidi.

Yapo makosa tunayoyaona mara kwa mara. La kwanza ni kumnunulia tramadoli ili "apunguze maumivu". Tramadoli ni ya ukoo uleule wa heroini, ina uraibu wake, na dozi kubwa huleta degedege. La pili ni Valium (vidonge vya usingizi) nyingi ili alale: akitoroka usiku akachanganya na unga, pumzi inakata. La tatu ni kufuli na minyororo. Mtu aliyefungwa mnyororo hana namna ya kujiokoa moto ukitokea au akipaliwa na matapishi, na jeraha la mnyororo hukaa kati yake na familia miaka mingi.

Wapo wasiostahili kabisa kupitishwa arosto nyumbani:

- Mjamzito. Arosto ya ghafla inaweza kutoa mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Tiba yake ni methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki badala ya heroini, hata akiwa na mimba changa.
- Anayekunywa pombe kila siku, au anayekula vidonge vya usingizi kila siku. Arosto ya pombe, tofauti na ya unga, inaua yenyewe: degedege huweza kuanza ndani ya siku 2 za kwanza, na kuweweseka kwa kutetemeka, homa na kuona visivyokuwapo huja mara nyingi siku ya 2 hadi ya 4. Huyo anahitaji wodi, dawa za kuzuia degedege na vitamini B1.
- Mwenye kifua kikuu, kisukari, ugonjwa wa moyo, kifafa, au anayesema anataka kufa.

Hospitali haraka, hata kwa mwingine yeyote, akiwa hajakojoa kutwa nzima, anatapika damu, amechanganyikiwa au ana homa kali. Anayejidunga akipata homa, usidhani ni malaria tu. Uchafu wa sindano huweza kuota kwenye moyo.

Wiki zinazoua

Hapa ndipo familia nyingi hazijui, na ndipo tungependa msomaji akae zaidi.

Mwili huzoea dozi kubwa kwa kuitumia kila siku, na husahau haraka. Baada ya siku chache tu bila unga, kiasi alichokuwa akikimudu kinaweza kumzimia pumzi. Aliyetoka gerezani, aliyetoka nyumba ya upataji nafuu (makazi ya wanaoacha dawa za kulevya), aliyemaliza arosto chumbani, aliyelazwa wodini wiki 2: hawa wote wamo kwenye hatari kubwa kuliko waliokuwa wakitumia bila kuacha. Wiki 2 za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo mbaya kuliko zote.

Mwambie waziwazi, uso kwa uso, hata kama unaona ni kama kumruhusu. Mwambie kwamba akiteleza asitumie peke yake wala mlango ukiwa umefungwa, asijidunge, asianze na kiasi cha zamani, asichanganye na pombe wala vidonge. Maneno hayo hayamrudishi mtu kwenye unga. Yanamfanya awe hai kesho yake, na tiba inahitaji mtu aliye hai.

Nyumba nzima ijue dalili za aliyezidiwa: haamki hata akiitwa na kutikiswa, anakoroma kwa sauti ya maji kooni, anapumua mara chache (chini ya 10 kwa dakika) au hapumui, midomo na kucha zimekuwa za bluu au kijivu, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Mwite kwa nguvu na msugue katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitikia, piga yowe la msaada na mtu aanze kutafuta usafiri wa hospitali.
2. Mlaze chali, toa kilicho mdomoni, inamisha kichwa nyuma kidogo, kidevu juu.
3. Kama hapumui vizuri, mbane pua na mpulizie mdomoni pumzi 1 kila sekunde 5, ukiangalia kifua kinapanda. Hewa ndiyo anayoikosa, na hili ndilo linalookoa hata bila dawa.
4. Kama naloksoni (dawa inayoondoa nguvu ya heroini kwenye ubongo) ipo, mchome miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja au bega. Endelea kumpulizia. Baada ya dakika 2 hadi 3, kama hajaanza kupumua, rudia.
5. Akianza kupumua, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, ili matapishi yasimpalie.
6. Usimwache. Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90, na heroini au methadoni huweza kukaa mwilini kuliko hapo. Anaweza kuzimika tena. Afike hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Asipopumua na mapigo ya moyo yakawa hayapo, mkandamize kifua mara 30, pumzi 2, rudia mpaka msaada ufike.

Maziwa, maji ya chumvi, maji ya barafu na makofi haviondoi unga kwenye ubongo. Maziwa mdomoni mwa mtu asiye na fahamu huingia kwenye mapafu. Waulizeni watoa huduma wa kliniki au waelimishaji rika wa eneo lenu kuhusu naloksoni. Mara nyingi wao ndio wanaotembea nayo.

Methadoni

Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwezi Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, Zanzibar ikaanza yake Kidongo Chekundu, na sasa zipo katika mikoa mingine pia. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, kisha Malindi, na Pwani zipo pia Kisauni na Kombani. Katika vituo vya serikali dawa hutolewa bure.

Methadoni hushika sehemu zilezile za ubongo, lakini kwa utaratibu. Heroini hupanda ghafla na kuisha ndani ya saa chache. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu na hudumu siku nzima. Anayeinywa kwa kipimo sahihi halewi wala haumwi. Anaweza kwenda kazini, kulala, kula. "Amebadilisha ulevi kwa ulevi" ni maneno yanayowatoa watu kliniki na kuwarudisha kwenye sindano. Mwenye shinikizo la damu hunywa dawa kila siku na hakuna anayemsema.

Njia ya kuingia mara nyingi hupitia asasi inayofanya kazi vijiweni: waelimishaji rika humwandikisha, humpa maandalizi na kumpeleka kliniki. Huko atapimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu, atahojiwa na daktari, na ataulizwa nani wa familia atamsimamia. Nenda naye. Kwa ajili ya dozi ya kwanza, afike akiwa na dalili za mwanzo za arosto, bila pombe wala vidonge mwilini.

Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida miligramu 20, mara nyingi haizidi 30. Hapa ndipo watu hukata tamaa: siku ya pili bado anaumwa, anasema dawa haifanyi kazi, anaongeza kete juu yake. Methadoni hujikusanya mwilini. Kiasi kilekile alichokunywa Jumatatu kina nguvu zaidi siku ya Alhamisi, kwa sababu cha jana na juzi bado kimo. Kuongeza unga, pombe au Valium katika wiki 2 za kwanza ndiko kunakoua wagonjwa wapya. Kliniki hupandisha kwa miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku kadhaa, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Dozi ndogo mno humwacha na uchu, na uchu humrudisha mtaani. Asione aibu kudai ipandishwe.

Ikishatulia, mambo yanayoharibu ni haya.

Nauli. Dawa hunywewa mbele ya muuguzi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kliniki huwa mbali. Nauli ya kila siku huangusha wengi kuliko ukosefu wa nia. Familia ikiwa na uwezo wa msaada mmoja tu, uwe huo.

Kukosa siku. Siku 1 haina shida kubwa. Akikosa siku 3 au zaidi mfululizo, asishangae dozi ikipunguzwa. Kumpa ya zamani ni kumhatarisha. Akisafiri, akilazwa au akikamatwa, kliniki iarifiwe mapema.

Dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya ini livunje methadoni haraka. Ndani ya wiki 1 au 2 mgonjwa huanza kusikia arosto kwa dozi ileile, na watu humshuku kwamba anadanganya. Efavirenzi ya VVU na kabamazepini ya kifafa hufanya hivyo pia. Kliniki ya methadoni na ile ya ugonjwa mwingine zijuane. Na akimaliza rifampisini, methadoni iliyokuwa imepandishwa lazima ishushwe, la sivyo itamzidi.

Choo kigumu, jasho na usingizi wa mchana ni vya kawaida: maji, papai, mboga za majani, na kumweleza muuguzi. Meno yapigwe mswaki kila siku kwa sababu mdomo hukauka. Mwanamke ambaye hedhi ilikuwa imekatika huweza kurudiwa nayo, kwa hiyo anaweza kushika mimba kabla hajategemea. Akipata, aendelee na methadoni. Mtoto akizaliwa na dalili za arosto hospitali huzimudu, na anaweza kunyonya.

Mwezi wa Ramadhani, kunywa dawa mchana hubatilisha saumu. Mfungaji asiruke dozi kimya kimya. Aongee na kliniki kabla mwezi haujaandama, na na sheikh wake kuhusu ruhusa ya mgonjwa.

Zipo kliniki zinazompa aliyetulia dozi za kuondoka nazo. Zikae kwenye sanduku lenye kufuli. Dozi ya kawaida ya mtu mzima inaweza kumuua mtoto.

Nyumba za upataji nafuu

Nyingi hufuata mpango wa kupona wa hatua kumi na mbili na huendeshwa na watu waliopona. Undugu wa humo na mikutano ya baadaye huwasaidia wengi. Kabla ya kulipa, ingia ndani uone. Imesajiliwa? Kuna mhudumu wa afya, au anayekuja kwa siku maalumu? Wanaruhusu ARV, dawa za kifua kikuu, dawa za akili? Wanapiga, wanafunga? Familia inaweza kumtembelea na kuzungumza naye faragha? Swali la mwisho ndilo linalotenganisha mengi: siku anayotoka, wana mpango gani naye? Nyumba isiyo na jibu inamrudisha mtaani akiwa na mwili usiohimili kitu. Tukiulizwa, kwa aliyejidunga miaka mingi tungetanguliza methadoni.

Nyumbani

Pesa taslimu ndiyo kichocheo kikubwa, hasa siku ya mshahara. Mkubaliane naye, bila kumnyang'anya: nauli ya siku kwa siku, deni la dukani lilipwe na mwingine, namba ya pusha ifutwe, laini ibadilishwe. Saa za hatari zijazwe kazi. Uchu mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya nusu saa hivi. Awe na mtu wa kumpigia, mahali pa kwenda, na kitu cha kufanya kwa mikono. Usilipe madeni ya kete ili "yaishe", hayaishi.

Ukitumia kipimo cha mkojo, kijue. Heroini huonekana siku 2 hadi 3 tu baada ya kutumia, na kipimo cha kawaida cha mofini hakioni tramadoli wala methadoni. Kipimo cha ghafla cha kumnasa humfundisha kuficha. Acha kliniki ipime, na majibu yatumike kurekebisha dozi.

Akiteleza, swali la kwanza liwe: jana dawa ulikunywa? Mrudishe kliniki siku hiyohiyo. Kliniki haimfukuzi mtu kwa kuteleza. Mara nyingi ni ishara kwamba dozi ni ndogo au kuna jambo halijatibiwa, kama msongo au ugonjwa wa akili.

Swali linaloulizwa na kila mama ni: ataacha lini methadoni? Hakuna tarehe. Wapo wanaohitaji miaka, wapo wanaoendelea daima, na wanaoharakishwa kabla ya mwaka mmoja hurudi mtaani kwa wingi. Anayeamua mwenyewe, akiwa na kazi, makazi na miezi mingi bila unga, hushushwa polepole, kwa mfano miligramu 5 kila wiki 2 au zaidi, na akifika chini ya 30 hatua ziwe ndogo zaidi kwa sababu hapo ndipo mwili huhisi. Uchu ukirudi njiani, mnasimama, au mnarudi juu hatua moja na kukaa hapo mpaka atulie. Miezi hiyo ya kushuka, na ile inayofuata baada ya dozi ya mwisho, nyumba ikumbuke hatua sita za hapo juu za kumwokoa aliyezidiwa.